Mapendekezo yanayojenga: mwongozo kamili wa kuboresha kikundi cha wapenzi wa muziki wa klasiki

Vikundi vya wapenzi wa muziki wa klasiki huanza kwa moto. Watu saba au wanane wanakutana sebuleni kwa mmoja wao, au kwenye ukumbi mdogo wa parokia. Spika inawekwa mezani, chai inamiminwa, na mwenyeji anapiga rekodi ya Beethoven anayoipenda tangu alipokuwa chuoni. Miezi michache baadaye mahudhurio yanalegea. Waliobaki wanajadili ada, ratiba, na nani aliahidi kuleta nini. Ukikaa na saa mkononi unakuta kwamba katika mkutano wa saa mbili muziki wenyewe umepigwa robo saa tu, tena vipande vipande.

Mwongozo huu ni wa mwanachama anayeona hali hiyo, anayekipenda kikundi chake, na anayetaka kusema neno litakalosaidia. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinazofuata zinatoka humo: pendekezo jema kwa kikundi cha namna hii ni lile linaloongeza dakika za kusikiliza, au linalofanya usikilizaji uwe makini zaidi. Sare, nembo na katiba ya kurasa kumi vinaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kusema

Hudhuria mikutano miwili mitatu ukiwa na daftari, bila kutangaza kwamba unapima. Andika muda ambao muziki ulipigwa, kazi zipi zilisikilizwa mpaka mwisho, nani alizungumza na nani hakufungua mdomo. Andika pia kama yupo mgeni aliyekuja mara ya kwanza, na kama alirudi.

Hilo la mgeni lina uzito kuliko mengine. Mgeni asiporudi, mara nyingi ni kwa sababu alikaa saa nzima akisikia majina ya watu na istilahi asizozijua, akajiona hana la kuchangia. Hakuchoshwa na muziki, maana hakupewa nafasi ya kuusikia. Ukiwa na jambo kama hilo kwenye daftari, pendekezo lako litasimama juu ya kitu ambacho kila mtu alikiona kwa macho yake, na hutahitaji kumnyooshea yeyote kidole.

Hatua ya 2: Liandike pendekezo lako

Usilitoe kwa mdomo mwishoni mwa mkutano, wakati watu wameshashika funguo za gari au wanatazama saa ya daladala. Liandike. Na kabla ya kulisoma mbele ya wote, mpelekee kwanza mwanzilishi wa kikundi au mzee mnayemheshimu. Mfuate kwake, msalimie, mwombe ushauri. Asije akasikia mbele za watu kwamba kitu alichokianzisha kina kasoro. Mara nyingi atakuongezea jambo ambalo hukulijua, na siku ya mkutano atakuwa upande wako.

Andiko lenyewe liwe fupi. Kwa mfano:

"Mwenyekiti wetu na wanachama wenzangu, salaam. Naomba tujaribu jambo moja kwa mikutano mitatu ijayo: kila mkutano tusikilize kazi moja nzima kabla ya kuzungumza chochote. Mkutano wa kwanza nitaleta rekodi mwenyewe na karatasi ya nusu ukurasa kwa kila mmoja. Mkutano wa tatu ukiisha, tuamue kama tunaendelea au tunaacha."

Tazama kilichomo. Jambo ni moja, wala si saba. Muda wake una mwisho, kwa hiyo hata asiyelipenda anaweza kulivumilia. Anayependekeza ndiye anayebeba mzigo wa kwanza. Na njia ya kuliacha imeshatajwa, hivyo hakuna atakayeona aibu likishindikana. Mapendekezo mengi mazuri hufa kwa sababu yana maana ya "ninyi fanyeni".

Hatua ya 3: Taja kazi kwa jina lake kamili

Kama hujui uanze na lipi, anza na hili. Halina gharama, na matunda yake yanaonekana siku hiyohiyo.

Mtu akitangaza kwamba juma lijalo mtasikiliza "simfoni ya Mozart", yaani kazi ndefu ya okestra (kundi kubwa la wapigaji wa ala mbalimbali), bado hajasema kitu. Mozart ana zaidi ya arobaini. Haydn ana 104 zenye namba. Vivaldi ameacha konseto (kazi ambazo ala moja au chache huongoza na okestra huitikia) karibu mia tano. Wanachama watano wakijiandaa nyumbani, kila mmoja atakuwa amesikiliza kitu tofauti, na mazungumzo yatakuwa ya viziwi. Tangazo linalofaa linasomeka hivi: Beethoven, Simfoni namba 5, C maina, Op. 67, Vienna Philharmonic ikiongozwa na Carlos Kleiber, rekodi ya 1974.

Mtunzi, aina ya kazi na namba yake, ufunguo (sauti ya msingi ambayo kazi imejengwa juu yake, hapa C maina), namba ya katalogi, wapigaji, kiongozi wao, mwaka wa rekodi. Kama mnasikiliza sehemu moja tu ya kazi, nayo itajwe.

Namba ya katalogi ndiyo inayowatisha wageni, na ndiyo inayowasaidia zaidi. "Op." ni kifupi cha opus, namba ambayo kazi hupewa inapochapishwa, na si lazima ifuate mpangilio wa kutungwa kwake. Watunzi wengine waliacha kazi nyingi bila namba za kuaminika, wakaja wataalamu wa baadaye kuzipanga. Ludwig von Köchel alichapisha orodha ya kazi za Mozart mwaka 1862, ndiyo maana tunaandika K. Wolfgang Schmieder alitoa orodha ya Bach mwaka 1950, na hiyo ndiyo BWV. Otto Erich Deutsch aliipanga ya Schubert, tukapata D. Kwa Vivaldi utaona RV, na kwa Haydn utaona Hob. Ukiandika BWV 988 mahali popote pa kutafutia rekodi, hupotei, hata kama maelezo yameandikwa kwa Kijerumani au Kijapani.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwa Dvořák. Wakati wa uhai wake zilichapishwa simfoni tano tu kati ya tisa, kwa hiyo ile maarufu ya "Ulimwengu Mpya" ilikuwa ikiitwa namba 5. Katika miaka ya 1950 namba zilirekebishwa kwa kuhesabu zote tisa, ikawa namba 9. Basi sahani ya santuri ya zamani iliyoandikwa "Dvořák, Simfoni namba 5" ina muziki uleule ambao rekodi mpya inauita namba 9. Kinachowapatanisha ni opus: Op. 95, E maina. Schubert naye ana yake: simfoni kubwa ya C meja imewahi kuitwa namba 7, namba 8 na namba 9, lakini D 944 yake haibadiliki.

Pendekeza mtu mmoja awe mwandishi wa majina. Kazi yake ni kuandika jina kamili la kila kazi iliyosikilizwa, kwenye daftari moja, tangu mkutano wa kwanza. Daftari hilo likifika mwaka mmoja linakuwa hazina.

Hatua ya 4: Kazi moja, nzima, kwa utulivu

Hapa ndipo kikundi kinapogeuka kweli. Badala ya vipande sita vya dakika tatu tatu, sikilizeni kitu kimoja mpaka mwisho, simu zikiwa zimezimwa milio, mkisikiliza tu.

Nitaonyesha namna ya kuiandaa kwa sehemu ya pili ya simfoni hiyohiyo ya Dvořák, inayoitwa Largo, yaani polepole. Ina dakika kama kumi na mbili, kwa hiyo hata asiyezoea anaimudu. Karatasi ya nusu ukurasa iwe na mambo machache tu. Simfoni ilipigwa mara ya kwanza New York, Carnegie Hall, tarehe 16 Desemba 1893. Dvořák, mtu wa Bohemia (leo ni sehemu ya Ucheki), alikuwa akifundisha muziki katika jiji hilo, na mwanafunzi mmoja Mwafrika wa Marekani, Harry Burleigh, alikuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watu weusi. Halafu wape wasikilizaji mambo matatu ya kusubiri kwa masikio.

La kwanza, mwanzo. Vyombo vya kupuliza vya shaba vinapiga mfuatano wa sauti nzito, taratibu, vikihama kutoka ufunguo mmoja mpaka mwingine kama pazia linalofunguliwa. La pili, mara tu baada ya hapo, inaingia ala moja peke yake: korangle, ala ya kupuliza ya mbao, ndugu mkubwa wa obo, yenye sauti nzito na ya pua. Inapiga wimbo ambao wengi watadhani wanaufahamu. Huenda kweli wameusikia, kwa kuwa mwanafunzi mwingine wa Dvořák, William Arms Fisher, aliutia maneno mwaka 1922, ukaimbwa sana hata watu wakaamini ni wimbo wa kale wa watumwa. La tatu liko karibu na mwisho. Wimbo ule unarudi ukipigwa na nyuzi chache, unakatika katikati, kimya, unaendelea, unakatika tena. Waambie wasikilizaji wasubiri hivyo vimya. Sehemu inafungwa na besi kubwa za nyuzi peke yake, chini kabisa, polepole.

Usiwape zaidi ya hayo. Mtu mwenye mambo matatu ya kusubiri anasikiliza, lakini ukimpa kumi na tano atashughulika na karatasi. Na baada ya sauti ya mwisho, mwenye kuendesha mkutano ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema neno. Kimya hicho kitawasumbua mwanzoni. Kitetee.

Kisha pigeni tena, tangu mwanzo. Ndiyo, kitu kilekile. Mara ya pili ndipo watu wanaposema "kumbe!"

Hatua ya 5: Linganisheni rekodi mbili

Kikundi kikishazoea kazi nzima, pendekeza jioni za kulinganisha. Hakuna zoezi linalofundisha sikio haraka kama hili, na mtu asiyesoma nota anashiriki sawa na aliyesoma.

Mfano bora ninaoufahamu ni wa mpiga piano Glenn Gould, wa Kanada. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 22, alirekodi kazi ya Bach iitwayo Goldberg, BWV 988: wimbo mmoja, mageuzi 30 juu yake, halafu wimbo uleule tena. Akairekodi upya mwaka 1981, katika studio ileile ya New York, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Rekodi ya kwanza ina dakika kama 38, ya pili inakaribia 51. Katika rekodi ya ujana wimbo wa mwanzo haufiki dakika mbili, katika ile ya utu uzima unafika tatu. Piano ni piano, nota ni zilezile, mtu ni yuleyule. Pigeni huo wimbo wa mwanzo tu, mara mbili, na muulizane nini kimebadilika. Utashangaa jinsi watu walionyamaza miezi sita wanavyopata la kusema.

Kwa wanakwaya tumia "Haleluya" ya Handel, ambayo kwaya nyingi za huku zinaijua kwa sauti zote nne. Imetoka katika kazi ndefu iitwayo Messiah, iliyosikika mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, kwa waimbaji thelathini na kitu hivi. Karne iliyofuata Waingereza walikuwa wakiiimba kwa kwaya za watu zaidi ya elfu mbili. Tafuteni rekodi moja ya kwaya kubwa na nzito, na nyingine ya kikundi kidogo chenye ala za namna ya wakati wa Handel. Waulizeni walioimba besi: ni ipi kati ya hizo mbili inayokuwezesha kuisikia sauti yako wazi? (Na kwa faida ya wanaoiimba Krismasi tu: "Haleluya" inafunga sehemu ya pili ya kazi hiyo, inayohusu mateso na ufufuko. Pasaka inaistahili zaidi.)

Kanuni mbili za zoezi hili zisivunjwe. Ya kwanza, msikilizaji asijue ni rekodi ya nani mpaka amalize kutoa maoni. Iiteni A na B. Jina kubwa likitajwa mapema, watu husikiliza jina. Ya pili, sawazisheni ukubwa wa sauti ya rekodi zote mbili kabla ya kuanza, kwa sababu sikio la binadamu huipenda rekodi yenye sauti kubwa zaidi hata kama tofauti ni ndogo. Apigaye rekodi ajaribu zote mbili nusu saa kabla watu hawajafika, na aandike kiwango cha kila moja.

Hatua ya 6: Panga kazi za mwaka

Wengi wanaanza hapa, na ndiyo maana wanashindwa. Orodha ya mwaka haina maana kama kikundi hakijajifunza kukaa na kazi moja. Mkishafika, orodha nzuri inachanganya ufupi na urefu, uzoefu na ugeni.

Kwa kuanzia, Misimu Minne ya Vivaldi, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725, inafaa sana kwa sababu kila konseto ina shairi linaloeleza kinachotokea. Katika sehemu ya pili ya "Majira ya kuchipua" mchungaji amelala, na viola, ndugu mkubwa wa violini, inabweka pembeni kama mbwa wake. Wape watu shairi, waache wamtafute mbwa. Kisha Boléro ya Ravel ya mwaka 1928, robo saa ya mdundo mmoja usiobadilika huku ala zikiongezeka moja moja. Masikio yaliyolelewa na ngoma yanaielewa mara moja. Baadaye nendeni kwenye Simfoni namba 5 ya Beethoven nzima, maana wengi wanajua sekunde zake kumi za mwanzo tu.

Naomba orodha hiyo isiwe ya Wazungu watupu, na sisemi hivi kwa ajili ya kuonyesha usawa. Kazi zipo na ni nzuri. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake akiwa mtumwa. Alikuwa mpiga violini hodari Paris, na ndiye aliyeongoza okestra iliyopiga kwa mara ya kwanza simfoni za Haydn zinazoitwa za Paris, namba 82 mpaka 87. Konseto zake za violini ni tamu. Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, alipata sifa Uingereza kwa kazi yake ya kwaya ya mwaka 1898 juu ya harusi ya Hiawatha, shujaa wa utenzi wa Kimarekani. Simfoni namba 1 ya Florence Price, E maina, ilipigwa na Chicago Symphony tarehe 15 Juni 1933, mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke mweusi. Nyingi kati ya karatasi zake za muziki zilipatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyoachwa huko Illinois. Na kuna Fela Sowande wa Nigeria, ambaye African Suite yake ya mwaka 1944 imeandikwa kwa ala za nyuzi na inasikika nyumbani kabisa.

Mara mbili kwa mwaka wekeni kitu kigumu. Ibada ya Majira ya Kuchipua ya Stravinsky ilizua ghasia ukumbini Paris tarehe 29 Mei 1913. Kila mwanachama ana haki ya kuichukia, mradi aisikilize yote.

Hatua ya 7: Spika, bando na umeme

Nitapita haraka, kwa kuwa vifaa vya wastani vinatosha. Vispika vidogo vya bluetooth vinameza sauti za chini, na selo na besi za nyuzi zinapotea. Kama mnaweza kuazima spika mbili za kwaya, azimeni. Zisimamishwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, mbali na kona ya chumba, zikiwaelekea wasikilizaji.

Muziki huu una tofauti kubwa ya sauti ndogo na kubwa kuliko bongofleva au injili. Pimeni kiwango kwa kuanzia mahali penye kelele zaidi katika kazi. Boléro ni kipimo kizuri: wekeni dakika yake ya mwisho, rekebisheni mpaka masikio yasiumie, ndipo mrudi mwanzo. Mwanzo utakuwa mdogo sana. Zimeni feni, fungeni madirisha ya upande wa barabara.

Pakueni kazi mapema, msitegemee mtandao wakati wa mkutano. Saa moja ya muziki kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 144, na kwa kilobiti 128 ni kama 58. Kwa piano peke yake ubora wa chini unavumilika, kwa okestra kamili na kwaya tofauti inasikika. Simu na spika vichajiwe asubuhi, mgao wa umeme hauulizi ratiba.

Jambo moja dogo linaharibu jioni nzima: programu inayoweka kimya kati ya sehemu na sehemu. Katika Simfoni namba 5 ya Beethoven sehemu ya tatu haiishi. Inafifia mpaka zikabaki nyuzi zilizoshikilia na timpani (ngoma kubwa za okestra) zinazogonga taratibu, halafu inavimba na kuangukia sehemu ya nne, ambapo trombone, ala nzito za shaba, zinasikika kwa mara ya kwanza katika simfoni nzima. Programu ikikata hapo kwa sekunde mbili, mmeikosa. Kuna chaguo la kuondoa mwanya huo katika mipangilio ya programu nyingi, likague kabla ya siku.

Hatua ya 8: Mazungumzo baada ya muziki

Pendekeza utaratibu huu: neno la kwanza ni la mwanachama mpya, la mwisho ni la mtaalamu. Swali la kufungulia liwe jepesi na la kweli. "Ni wapi muziki ulikufanya ukae wima kitini?" linafaa kuliko "Umeonaje?" Mtu anaweza kujibu, "pale filimbi zilipoingia," na mazungumzo yameanza.

Anayejua istilahi atafsiri kwa kitu cha kusikika. Badala ya kueleza fuga (muziki ambao sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule) kwa dakika kumi, mwombe aimbe sauti moja, wengine waifuate kwa kupokezana. Wanakwaya wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote, na wengi wanasoma do-re-mi vizuri kuliko wanavyojisifia. Ukitaka kuwaonyesha nota, hazina ya mtandaoni iitwayo IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, ina nota za bure za watunzi ambao haki zao zimekwisha muda. Rekodi zina haki zake tofauti. Mkiamua kupiga muziki hadharani kwa kiingilio, ulizeni kwanza ofisi ya hakimiliki ya nchi yenu.

Yuko pia yule mwanachama anayejua kila kitu na kuzungumza nusu saa. Msimnyamazishe, mpeni kazi. Aandike ile karatasi ya nusu ukurasa. Nafasi ndogo itamlazimisha kuchagua, na elimu yake itawafikia wote kabla ya muziki, mahali inapofaa.

Hatua ya 9: Waleteni wapigaji

Rekodi haitoshi. Pendekeza kwamba kila miezi mitatu aje mtu na ala yake. Hahitaji kuwa bingwa. Mpiga kinanda wa kanisani anaweza kuwaonyesha jinsi tenzi za kitabu zinavyopangwa kwa sauti nne. Kwa walio Unguja, njia ni fupi zaidi: mpiga fidla wa taarabu anashika chombo kilekile cha Vivaldi. Mwombeni apige kipande cha taarabu kwanza, kisha azungumzie namna anavyotelezesha vidole kati ya sauti na sauti, jambo ambalo mpiga violini wa okestra hulifanya kwa kiasi. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha hapo Mji Mkongwe tangu 2002. Walio Nairobi wana Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, pamoja na Nairobi Orchestra na vijana wa Ghetto Classics, mradi wa kufundisha muziki katika mtaa wa Korogocho. Ndugu zetu wa Muscat wana okestra ya kifalme iliyoundwa mwaka 1985 na jumba la opera lililofunguliwa 2011.

Na anayedhani bila fedha hakuna muziki asikie habari za Kinshasa. Okestra ya Kimbanguiste iliundwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa lenye jina hilo, kwa violini chache ambazo wanafunzi walipokezana, na imefika kupiga Simfoni namba 9 ya Beethoven kwa kwaya kamili.

Mkienda onyeshoni pamoja, waandaeni wageni juu ya kupiga makofi. Desturi ya sasa ni kusubiri mpaka kazi yote iishe, si mwisho wa kila sehemu. Lakini msimkodolee macho aliyeteleza. Siku Simfoni namba 7 ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, Desemba 1813, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa palepale.

Hatua ya 10: Rudini kwenye daftari

Mikutano mitatu ikiisha, fungua zile hesabu za mwanzo. Dakika za muziki zimeongezeka? Kazi ngapi zimesikilizwa hadi mwisho? Wageni wamerudi? Soma majibu mbele ya wote bila kujitetea. Kama jambo halikufaa, sema wewe mwenyewe kwamba liachwe, na pendekezo lako lijalo litasikilizwa kwa heshima zaidi. Kama limefaa, liandikwe kuwa utaratibu wa kikundi, na lisiendelee kuitwa pendekezo lako.

Likikataliwa tangu mwanzo, ulizia sababu kwa mtu mmoja mmoja. Mara nyingi kinachokataliwa ni muda au mahali. Wazee wasiotaka mkutano uishe saa tatu usiku wanaweza kukubali jambo lilelile likifanyika Jumamosi saa kumi jioni.

Kisha kabidhi. Nafasi ya kuchagua kazi izunguke kwa kila mwanachama, kuanzia yule aliyezungumza kidogo kuliko wote katika kurasa zako za kwanza. Mpe daftari siku saba kabla ya zamu yake. Ataandika jina kamili la kazi, rekodi aliyoichagua na mambo matatu ya kusubiri, na atatuma tangazo kwa wenzake siku hiyohiyo.